Fasheni ikae pale inapoweza kuondoka bila nyundo

Tunapoanza kuzungumza na mteja kuhusu kazi ya kumalizia na kupamba ndani ya nyumba, kabla ya rangi na kabla ya bei huwa tunamuuliza: hiki unachokitaka kikija kukuchosha, kitaondokaje? Kitabebwa na watu wawili, kitafunikwa kwa ndoo ya rangi, au ataitwa fundi na nyundo yake? Jibu lake ndilo linalotuonyesha wapi pa kufuata fasheni na wapi pa kutulia.

Wateja wetu wengi hapa Dar es Salaam wanajenga polepole. Msingi uliwekwa mwaka mmoja, bati likaja mwaka mwingine, na sasa pesa ya kumalizia imepatikana. Katika ujenzi wa namna hiyo, picha aliyoipenda mtu wakati anapandisha kuta inaweza kuwa imeshapitwa siku anayoweka marumaru. Kampuni ya Pantone ya Marekani, ambayo hutangaza rangi ya kila mwaka, ilichagua kijivu pamoja na njano kwa 2021, zambarau yenye buluu kwa 2022, wekundu mkali wa majenta kwa 2023, rangi ya pichi kwa 2024 na kahawia ya moka kwa 2025. Aliyeweka sakafu ya kijivu sebuleni mwaka 2021 bado anayo, haijachakaa hata kidogo, na tayari anaiona nyumba yake kama ya zamani. Marumaru hazina kosa lolote. Zilipewa kazi ya kubeba fasheni, na hiyo si kazi yao.

Kilichoshikwa na saruji

Sakafu ndiyo tunayoisimamia kwa ukali zaidi. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina mita za mraba 20. Boksi la marumaru za sentimita 60 kwa 60 kwa kawaida lina vipande 4, yaani mita za mraba 1.44, kwa hiyo ukiongeza asilimia 10 ya vipande vya kukata na vitakavyovunjika, utanunua maboksi 16. Hapo bado gundi, bado fundi. Kuja kuzing'oa ni kuvunja, kuzoa kifusi, kusawazisha upya na kuhama chumba. Kwa kitu kizito hivyo tunashauri rangi ya mchanga, krimu iliyokolea au udongo mwepesi, bila michirizi mikubwa ya dhahabu na bila mng'ao wa kioo. Mng'ao unavutia dukani chini ya taa. Nyumbani huonyesha kila alama ya mguu, na maji yakimwagika huteleza. Kama unaishi na bibi au mtoto anayejifunza kutembea, tafadhali usibishane nasi katika hili.

Nunua na boksi moja la ziada uliweke stoo. Marumaru za jina lile lile zikichomwa awamu tofauti kiwandani hupishana rangi kidogo, na jicho litaiona tofauti hiyo kila siku. Namba ya toleo imechapwa kwenye boksi. Hakikisha zote zinalingana kabla gari halijaondoka dukani.

Kama nyumba yako ni ya zamani, ya Upanga au ile mliyorithi kutoka kwa babu aliyejenga miaka ya 1960 au 1970, usiharakishe kufunika sakafu. Inua kapeti kwanza. Huenda chini yake kuna terazo: saruji iliyochanganywa na vipande vidogo vya mawe, ikasagwa na kung'arishwa. Shule, hospitali na maghorofa mengi ya enzi zile yalimalizwa hivyo. Baadaye ikaonekana ya kizee na watu wakabandika marumaru juu yake. Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 2010, terazo ikarudi kwenye majarida ya Ulaya kama jambo jipya, na leo madukani kuna marumaru za kiwandani zinazoiga madoa yake. Ya kweli ikififia husagwa tena kwa mashine na kung'arishwa, bila kuvunja kitu. Tukiikuta kwenye nyumba ya mteja tunafurahi kweli, na tunamwomba aiache.

Bafuni hatuna maneno mengi: choo na sinki ziwe nyeupe. Waliowahi kukaa nyumba zenye choo cha rangi ya waridi au kijani cha parachichi wanaelewa. Kimoja kikivunjika, mwenzake wa rangi ile hapatikani tena, na unalazimika kubadilisha vyote.

Jiko linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ombi la jiko la wazi limekuwa la kawaida sana. Kwenye picha jiko na sebule ni chumba kimoja, kuna kaunta katikati na viti virefu, na kweli panapendeza. Lakini fikiria jioni ya kawaida nyumbani kwako. Kuna samaki wanakaangwa, vitunguu vinaungwa, maharage yako motoni tangu saa kumi. Mafuta yanayoruka yanatua kwenye makochi ya kitambaa, na harufu inaingia kwenye mapazia inakaa humo. Mgeni akibisha hodi ghafla, mama mwenye nyumba hana mlango wa kufunga. Tunachopendekeza ni ukuta wenye dirisha pana la kupitishia chakula, au mlango mkubwa wa kioo unaosukumwa. Siku mna furaha na watu wa kukaa nao unafungua, siku ya samaki unafunga. Na kama uwanja unaruhusu, jiko dogo la nje lenye paa ni pesa iliyotumika vizuri kuliko kaunta yoyote ya granaiti.

Madirisha nayo. Dirisha la alumini la kusukuma, lenye vioo viwili, hufunguka nusu tu ya nafasi yake, kwa sababu kioo kimoja lazima kikae nyuma ya mwenzake. Katika jiji lenye joto na unyevu kama letu, nusu ya dirisha ni upepo mwingi wa kuutupa. Linalofunguka kwa bawaba linakupa dirisha zima. Mwulize fundi wako kabla hajakata fremu, na mwambie pia grili na wavu vitakaa upande gani.

Dari

Hapa ndipo tunapobishana na wateja zaidi, kwa upendo. Dari la jipsamu lenye ngazi mbili tatu na mikanda ya taa za buluu limekuwa alama ya nyumba iliyokamilika. Tunaifanya kazi hiyo, na vizuri, lakini kwanza tunampa mteja hesabu. Dari lililo mita 2.7 kutoka sakafuni likishushwa sentimita 30 linabaki mita 2.4. Feni ikining'inia sentimita 30 chini yake, mapanga yako mita 2.1, na hapo umefika mwisho wa usalama: baba mrefu akimnyanyua mtoto mabegani, mtoto amefika kwenye mapanga. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye dari za namna hiyo zinaishia kuondoa feni na kuweka kiyoyozi, na umeme wa Luku unaisha kabla ya mwezi. Joto hupanda juu. Nafasi iliyo juu ya kichwa chako ndiyo inayokupunguzia joto, hata kama haionekani kwenye picha.

Kisha bati likivuja tone moja, jipsamu huweka doa la kahawia katikati ya pambo ulilolilipia. Mkanda wa taa nao huanza kufa kipande kipande, na kipande kipya hakifanani mwanga na vya zamani.

Ushauri wetu ni dari tambarare, safi, lenye pambo jembamba pembeni kama unalipenda, na pesa iliyobaki iende kwenye nyaya. Mwambie fundi umeme agawe taa za sebule katika swichi mbili au tatu. Swichi moja iwashe taa za juu za kazi, nyingine taa za ukutani za jioni. Angalia pia kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga kinachoandikwa kwenye boksi la balbu. Balbu ya kelvini 6500 inatoa mwanga mweupe wa dukani. Ya kelvini 3000 inatoa mwanga wa joto unaofanya mbao na ngozi za watu zipendeze. Tumeona sebule ambazo wenyewe walitaka kuzipaka rangi upya zikitulizwa na balbu tu. Jaribu hilo kabla hujamwita yeyote, hata sisi.

Kinachobadilishwa kwa brashi

Kwenye kuta unaweza kuwa huru zaidi. Ukipenda kijani cha majani makavu kinachotamba sasa, kipake. Chagua ukuta mmoja ule unaopokea mwanga wa dirisha kwa ubavu, na ujaribu kwanza kipande cha mita 1 kwa 1. Kiangalie asubuhi, mchana na usiku taa zikiwa zimewashwa. Rangi inayoonekana tulivu kwenye kadi ya dukani huwa nzito ikijaa ukuta mzima.

Tunaomba jambo moja: unyevu utibiwe kabla. Ukuta wa tofali uliosimama juu ya msingi usio na kizuizi cha maji, hasa maeneo ya karibu na bahari, huvuta maji na chumvi kutoka chini, na rangi hubanduka magamba magamba hata iwe ya bei gani. Watu wengi huficha tatizo hilo kwa karatasi za ukutani au paneli za plastiki zinazoiga mawe. Unyevu unabaki nyuma, unaota ukungu, na siku ya kubandua paneli zilizogundishwa, skimu yote, ule mpako laini wa juu ya plasta, inatoka nazo. Paneli zinaonekana kama kitu cha kubandika na kubandua, lakini kwa kipimo chetu ziko upande wa nyundo. Tunaziweka kwenye ukuta mmoja mkavu, nyuma ya televisheni, na hapo tunaishia.

Kinachobebwa

Samani ndipo penye raha. Tofautisha fremu na nguo yake. Fremu ya kochi iliyotengenezwa kwa mninga, mkongo au mtiki uliokauka vizuri inaweza kubadilishwa kitambaa mara kadhaa katika uhai wake, na kila mara ukapata kochi la fasheni ya mwaka huo. Mbao mbichi haitakupa nafasi hiyo; itapinda na kuachia maungio kabla kitambaa hakijapauka. Kwa hiyo ukienda Keko au kwa fundi wa mtaani kwako, mwombe akuonyeshe kochi likiwa bado mifupa, kabla ya sponji. Fundi mzuri hatakasirika.

Mahameli ni nzuri, tunaishona, ila ni ya moto kukalia wakati wa Desemba hadi Machi na inashika vumbi. Ifanye ya mito na kiti kimoja cha pembeni, kochi kubwa livae pamba nzito au kitani. Kabati za MDF, yaani mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi, ziwe mbali na maji, kwa sababu zikilowa huvimba na hazirudi. Chini ya sinki weka mbao au alumini. Mapazia, foronya, zulia, taa za mezani, picha: hapo nenda na mwaka unavyokwenda, na badilisha bila hofu.

Mtu akituuliza mtindo wa kudumu unafananaje, hatumpeleki Ulaya. Tunamwambia aangalie nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na za Lamu, iliyofuata mwaka 2001. Vyumba vyake ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazizidi sana mita 3. Kuta nene za mawe ya matumbawe zimepakwa chokaa. Vyombo vinakaa kwenye zidaka zilizochongwa ukutani, kwa hiyo sakafu inabaki wazi kwa mkeka. Kitu kimoja kizito, kitanda cha samadari au mlango wa kuchonga, kinabeba uzuri wote wa chumba. Hakuna kilichowekwa kwa ajili ya picha. Kila kimoja kilijibu joto, ufinyu au wageni. Hatusemi ugeuze sebule ya Goba kuwa hoteli ya watalii. Chukua mbinu yake: kuta nyepesi, mbao nyeusi kiasi, kitu kimoja chenye nguvu, na nafasi ya hewa kupita.

Namna tunavyofanya kazi

Tukija nyumbani kwako mara ya kwanza hatuji na katalogi. Tunapima, tunaangalia jua linaingilia wapi na upepo unatokea upande gani, tunagusa kuta kutafuta unyevu, kisha tunakaa na picha zako tukiziweka mafungu matatu: ya nyundo, ya brashi na ya kubebwa. Fungu la nyundo ndilo linalokula sehemu kubwa ya bajeti, na huwa tunalipunguza hadi libaki lile ambalo wewe, mwenzako na watoto mmekubaliana. Makadirio tunayaandika kwa mafungu hayo hayo, ili ujue pesa ya kitu cha miaka 20 ni ipi na ya kitu cha miaka 2 ni ipi.

Kabla hatujafika, tuandalie mambo machache. Piga picha ya kila chumba mchana taa zikiwa zimezimwa, na nyingine usiku zikiwa zimewashwa. Pima urefu kutoka sakafuni hadi darini. Andika vitu ambavyo huviachi hata iweje, iwe ni kabati la mama au kiti cha baba, kwa sababu chumba tutakianzia hapo.