Nimepewa mvua

Da Zuhura,

Asalaam alaykum. Ujumbe wako wa bati nimeupata, na ule wa pili, na ule wa tatu. Hela nimetuma Ijumaa. Si zote, ila za bati zinatosha. Athumani asizishike. Mtu aliyeuza patasi za marehemu baba kwa bei ya soda hapewi amana.

Na lile neno lake, eti nimevuka bahari kuja Tokyo "kuchapa picha za watoto", limenifika. Mwambie picha hizo, za kuchapwa kwa mbao za kuchonga, zilitisha serikali. Mji huu ukiitwa Edo, ziliuzwa rahisi mitaani: waigizaji, wanawake wazuri, wacheza mieleka. Mwaka 1804 mchoraji Utamaro alitiwa pingu siku 50 kwa kumchora mtawala wa zamani, Hideyoshi. Mwaka 1842 picha za waigizaji na makahaba zikapigwa marufuku kabisa. Picha za milima na njia hazikumkera mtu, na wachoraji Hokusai na Hiroshige walikuwa wameshazipatia wanunuzi.

Kazi yenyewe baba angeipenda. Mchoro unabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mchongaji anaukata pamoja na ubao, basi, karatasi imekwisha. Kila rangi na ubao wake. Zamani ulikuwa wino mweusi, rangi wakipaka kwa mkono; picha za rangi tele zilianza 1765, kwa mchoraji Harunobu. Lakini jina linalovuma ni la mchoraji. Kama mlango wa baba pale hotelini: wageni wanaupiga picha kila siku, nani kauliza kauchonga nani?

Mwaka mzima nimekomba sehemu tupu tu. Mwezi uliopita mzee anayenifundisha akanipa mvua niichonge! Ni ile ya Hiroshige ya 1857, watu wanakimbia darajani. Van Gogh mwenyewe, yule mchoraji Mholanzi, aliinakili kwa rangi za mafuta. Huchongi mstari, dada. Unaondoa kila kisicho mstari, unabaki uzi. Sikukata hata mmoja. Mzee aliugeuza ubao kwenye mwanga, akagusa mmoja: "Huu umenenepa." Mmoja tu!

Baridi na kazi ya usiku tuyaache. Ila nilipokuwa nachonga nilisikia bati letu likilia masika, mpaka nikaweka patasi chini.

Ile ndogo ya mpini wa mpingo, ya kuchongea maua, muulize aliyeinunua anataka ngapi. Athumani asijue.

Mdogo wako,
Idi