Barua kwa Zuhura: mnyama gani atafuata?

Kibokoni, Mombasa
Mei 2021

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Idd njema, ijapokuwa imepita. Sisi huku tu wazima, mama anakusalimu sana, na kafyu ya korona bado ipo: saa nne usiku kila mtu awe kwake. Mengine tutazungumza kwa simu. Barua hii ni ya kima punju.

Katika ile sauti uliyonitumia ulisema pakiti ijayo (yaani fungu la wanyama wapya) ya Planet Zoo, mchezo wetu wa kompyuta wa kujenga bustani za wanyama, itakuwa ya Afrika, na kwamba kima punju wa msitu wa Jozani huko Unguja hawezi kukosa. La kwanza nakubaliana nawe. La pili nimelifikiria usiku na mchana, na nimeona bora nikuandikie kwa kituo.

Tazama walikopita. Mchezo ulitoka Novemba 2019. Mwezi uliofuata wakaleta wanyama wa Aktiki, Aprili 2020 Amerika Kusini, Agosti Australia, Desemba wanyama wa majini, na mwisho wa Machi mwaka huu Kusini-Mashariki mwa Asia. Mapengo makubwa yaliyobaki kwenye ramani ni Afrika, Ulaya na Amerika Kaskazini. Kuna wanaosema Afrika ilishapata fungu lake tangu siku ya kwanza: tembo, twiga, duma, fisi, kiboko, mbwa mwitu, mhanga, mpaka okapi na bongo. Ni kweli. Lakini hakuna mirkati, nguchiro yule mdogo anayesimama wima! Mnyama ambaye karibu kila bustani ya wanyama ya Ulaya inaye, ambaye watoto husimama mbele ya uzio wake wasitake kuondoka, hayumo. Na kifaru aliyemo ni wa Bara Hindi peke yake. Kampuni inayotengeneza mchezo wa bustani za wanyama haiwezi kuviacha vitu viwili kama hivyo milele.

Sasa nikueleze ninavyopima. Mimi huangalia kiunzi kwanza, yaani ile mifupa na miondoko wanayoitengeneza ndani ya kompyuta kabla ya kumvisha mnyama ngozi. Kutengeneza mwendo mpya tangu mwanzo ni kazi ngumu. Kwa hiyo kila pakiti, ukiichunguza, ina wageni halisi wachache na ndugu wa wale waliopo. Mbwa mwitu wa Aktiki (wolf, si yule wa Afrika) alikuja baada ya wolf wa kawaida kuwepo. Jagwa alikuta chui wa theluji, simba na tiger wameshamtengenezea njia. Katika hii ya Machi, tapiri wa Malaya ana ndugu yake wa Amerika tangu mwanzo, na dubu-jua amekuta jamaa zake tele. Lakini kangaruu, koala, sili, mla-mchwa mkubwa, hao walitokea hewani, na ndio waliobeba jina la pakiti. Kwa hesabu hiyo kifaru mweupe ni mwepesi, mwili wa kifaru upo tayari. Mirkati ndiye wa jasho, kwa sababu nguchiro hata mmoja hakuna mle ndani, na mirkati bila mashimo ya kuingia na kutokea si mirkati. Wakiyatengeneza mashimo, mhanga na ngiri nao watafaidi.

Kuhusu kifaru, najua roho yako iko kwa yule mweusi, na yangu pia, maana ndiye wetu wa Tsavo. Lakini bustani nyingi za nje zina kifaru mweupe wa kusini, na mchezo huu hufuata bustani kuliko unavyofuata mbuga. Tena tangu Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini, afe katika hifadhi ya Ol Pejeta mwaka 2018, wakabaki majike wawili, Najin na Fatu, peke yao katika jamii ile, habari ya kifaru mweupe imesikika kote duniani. Ataanza mweupe. Mweusi atangoja.

Haya, tuje kwa kima punju. Nakuelewa, wallahi. Mnyama wa Unguja asiye na kwao kwingine, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani, anayekula majani machanga ya miembe na mikungu kisha akatafuta mkaa autafune ili sumu ya majani isimdhuru. Wazia kwenye mchezo: unampelekea chano la makaa na anakuja kuchagua kipande chake! Hakuna mnyama mwingine mle ndani mwenye tabia hiyo. Lakini Zuhura, jamii hii ya kima wekundu haifugiki. Majani wanayokula ni ya aina nyingi mno na matumbo yao hayavumilii mabadiliko. Utazunguka bustani za Ulaya na Marekani usimwone. Watengenezaji wakitaka kumsikiliza na kumtazama anavyoruka, watalazimika kusafiri mpaka Jozani. Natamani wasafiri. Ila nikiambiwa nitabiri, siwezi kutabiri ninachokitamani.

Utaniuliza, mbona wameleta kima wa Borneo mwenye pua kubwa, naye ni mla majani mgumu kufuga? Swali zuri, na hapo ndipo tumaini langu lilipo. Yule anaonekana Singapore, kwa hiyo kulikuwa na mahali pa kumsoma. Lakini kubwa zaidi, kwa kumtengeneza yeye sasa wana kiunzi cha kima mrefu, mwenye tumbo kubwa na mkia mrefu, anayeruka kutoka mti hadi mti. Nani mwingine ana umbo hilo, anafugika, na yupo katika bustani nyingi za nje? Mbega! Mbega mweusi mwenye mashungi meupe mabegani. Bustani za Marekani wanaye huyu huyu wa kwetu, na jamaa yake wa milimani yuko karibu kila mahali.

Nakuomba ukija tena Mombasa usiishie mjini. Vuka feri twende Diani. Pale msitu umebaki vipande vipande katikati ya mahoteli na nyumba, na mbega wanaishi humo humo. Barabara inawakata. Waya za umeme zinawaua. Tangu 1997 kuna shirika la Colobus Conservation linalowahudumia, na utaona madaraja ya kamba yaliyotundikwa juu ya barabara ili wavuke bila kugongwa. Nilipomwona mama wa mbega akivuka na mtoto kifuani, nilisimama kando ya barabara machozi yakinitoka. Mtoto huzaliwa mweupe pepe, mwili mzima, na ile rangi nyeusi huja baadaye. Na mkono wake hauna dole gumba! Hushika tawi kwa vidole vinne kama ndoana. Hebu fikiria mtoto wa Likoni au Changamwe akikaa kwenye kompyuta, ajenge daraja la kamba, amwone mbega akivuka, halafu ajue kwamba mnyama yule yuko mwendo wa matatu kutoka kwao. Simba wa Afrika Magharibi na pengwini tumeshawajua. Huyu wa pwani yetu ndiye ninayemtaka.

Hirola simpi nafasi, na inaniuma kusema. Umbo lake ni rahisi, swala wamejaa mle ndani, na shida yake inastahili kusemwa: wamebaki chini ya mia tano, wengi Garissa na jirani zake. Lakini hakuna bustani inayomfuga. Sange, mnyama mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, vilevile. Yule ana pua ya kupekua majani makavu na manyoya ya dhahabu nyuma, huishi mume na mke katika eneo lao, na ni mwepesi kiasi kwamba ukimwona unaona dhahabu tu ikipotea vichakani. Ndege wa kuruka wala usiwataje, mpaka sasa mchezo hauna uzio wa ndege arukaye.

Lakini kila pakiti tangu ile ya Amerika Kusini huja na kiumbe mmoja mdogo wa kukaa kwenye sanduku la kioo, na hapa nina mtu wangu: jongoo. Usicheke kwanza. Jongoo wa pwani mwenye miguu myekundu, yule tunayemwona mvua zikianza. Unajua Haller Park, Bamburi, ilivyoanza? Mwaka 1971 pale palikuwa machimbo ya saruji, mwamba mtupu wa matumbawe, joto na chumvi. René Haller akapanda mivinje, ikaota. Ila majani yake yalirundikana chini bila kuoza, udongo haukupatikana. Akaleta jongoo. Jongoo wakayala majani yale, wakayageuza mbolea, na polepole pakawa na udongo, pakawa na msitu, wakaja nyani, twiga na viboko. Kazi ya mchezo wetu wote, kuchukua ardhi tupu na kuifanya makao, ilifanywa hapa kwa mikono na kwa jongoo. Wafugaji wa wadudu Ulaya wanamjua na wanamfuga majumbani. Hana taabu ya kutengenezwa, hutembea polepole, na ana rangi nzuri. Sanduku la kioo lenye mvinje mmoja na jongoo wekundu ningeliweka kwenye lango la bustani yangu, kabla ya tembo.

(Tena Haller Park ndiko alikopelekwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda Mzee, kobe wa Aldabra. Wote wawili, kiboko na kobe yule, wamo kwenye mchezo. Mimi huwaweka boma moja.)

Basi andika na uhifadhi: mirkati, kifaru mweupe wa kusini, mbega, simba mangu, na jongoo kwenye kioo. Kwa mirkati na kifaru sina wasiwasi. Simba mangu nimemweka kwa sababu paka huuza na mwili wa paka wanao wa kila ukubwa. Mbega ni nusu kwa nusu. Ukiangalia walivyokuwa wakitoa, pakiti hiyo haitavuka Agosti.

Nawe niandikie wa kwako watano, na kwa kila mmoja unieleze sababu, hasa kima punju. Kama kuna bustani yoyote uliyosikia kuwa inaye, nataka jina lake. Na ukienda Jozani mwezi huu nirekodie sauti zao asubuhi, wakati wanaitana kabla ya kushuka kwenye mashamba, kwa sababu nimesoma habari zao nyingi na sauti zao sijazisikia.

Msalimie Bi Mkubwa na watoto.

Shoga yako,
Mwanakombo