Bati la Pwani lipimwe kwa tabaka lake, si kwa rangi

Mhariri,

Ninaomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mabati tunayoezekea nyumba zetu hapa Lamu. Familia nyingi zimeacha makuti, hasa kwa kuhofia moto, na kuhamia kwenye mabati, lakini si ajabu kuona paa la miaka michache tu likiwa limeshika kutu na kutoboka, huku mwenye nyumba akilalamika kwamba mabati ya siku hizi ni mabovu. Mimi naamini kwamba aghalabu kosa liko katika uteuzi na uezekaji, na kwamba hasara hiyo inaweza kuepukwa.

Mnunuzi afikapo dukani huuliza rangi, bei na geji. Geji ina umuhimu wake, kwani nambari inapopanda bati huwa jembamba, na kwa hiyo bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Unene huo, hata hivyo, ni wa chuma chenyewe: husaidia bati lisibonyee likikanyagwa na lisikunjike upepo unapovuma kwa nguvu. Kinachokizuia chuma hicho kushika kutu ni tabaka la madini lililopakwa juu yake kiwandani, ambalo hupimwa kwa gramu kwa kila mita moja ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja. Alama ya Z275 maana yake ni gramu 275 za zinki, na AZ150 ni gramu 150 za alu-zinki, mchanganyiko ambao kwa uzani ni asilimia 55 aluminiamu, asilimia 43.4 zinki na asilimia 1.6 silikoni. Asidanganyike mtu na udogo wa nambari ya pili, kwa sababu aluminiamu ni nyepesi, na katika hewa ya chumvi alu-zinki hustahimili muda mrefu zaidi kuliko zinki peke yake. Rangi huongeza kinga, lakini rangi nzuri juu ya tabaka hafifu haitamfaa mtu anayeishi karibu na bahari. Muuzaji asiyeweza kutaja gramu hizo hastahili fedha zetu. Dhamana nayo isomwe hadi mwisho, maana zipo zisizohusu nyumba zilizo karibu na ufuo.

Jambo ambalo sisi wa visiwani tunapaswa kulizingatia kuliko wenzetu wa bara ni safari ya mabati yenyewe. Hupakiwa chomboni Mokowe, upande wa bara, hurushiwa maji ya bahari njiani, kisha hurundikwa gatini au uani yakiwa yamebanana na majimaji katikati. Maji yaliyonaswa hivyo huzua unga mweupe unaokula zinki, na bati huanza kuharibika kabla halijapanda juu ya nyumba. Mabati yafunikwe vizuri chomboni, na yakishushwa yasuuzwe kwa maji matamu, yakaushwe, kisha yasimamishwe kwa mshazari mahali penye hewa.

Katika kuezeka, ninawasihi mafundi wenzangu waache kukata mabati kwa grainda. Joto lake huunguza tabaka pembeni mwa mkato, na cheche zake ni vipande vya chuma vinavyonata juu ya bati na kugeuka madoa ya kutu baada ya siku chache. Mkasi wa bati unatosha, na mabaki yote yafagiliwe kila jioni. Misumari au skrubu ziwe zimepakwa zinki na ziwe na raba, zipigwe kwenye mgongo wa bati na si bondeni mwa migongo ambako maji hupita, na zisikazwe hadi raba ikapasuka. Kingo za chini na za kileleni huhitaji misumari mingi zaidi, kwa kuwa ndiko upepo unakoanzia kung'oa. Kwa kuwa mvua za masika huja na kusi, upepo utokao kusini, uezekaji uanzie upande wa kaskazini kuelekea kusini, ili kila bati lifunike lililotangulia na mdomo wa maungio uupe upepo huo mgongo.

Kuna hatari nyingine ambayo imo ndani ya nyumba zetu wenyewe. Kuta za mawe ya matumbawe hupakwa chokaa, na chokaa au saruji mbichi hula zinki na aluminiamu pia. Bati lisigusane na ukuta mbichi, na tone lolote lililoangukia paa lioshwe kabla halijakauka. Waya na mabomba ya shaba nayo yasipite juu ya mabati.

Paa likishakamilika, mvua huosha upande wa juu, lakini chini ya upenu haifiki, nako chumvi hurundikana na kutu huanza kimyakimya. Sehemu hizo zimwagiwe maji matamu mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi. Mwenye kuvuna maji ya mvua katika jabia, yaani birika la kuhifadhia maji, ana sababu zaidi ya kulitunza paa lake.

Ninaiomba serikali ya kaunti, inapotoa kandarasi za madarasa na zahanati, iandike katika mkataba aina ya tabaka na gramu zake, badala ya kutaja geji na rangi pekee, na ikague mabati hayo yanaposhushwa gatini kabla fundi hajaanza kazi.

Fundi wa mapaa,
Lamu