Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 5785

Ndugu wanachama, wazee wetu, na nyinyi mliojiunga nasi mwaka huu, shalom.

Tuko mwezi wa Eluli. Jumatatu tarehe 22 Septemba 2025, jua likitua, tutauingia mwaka 5786 wa kalenda ya Kiyahudi, na kabla ya hapo nina wajibu wa kuwaeleza mwaka tunaoumaliza ulivyokwenda. Hesabu za fedha mweka hazina ameziandika kwenye karatasi yake, nami nitazigusa kidogo tu. Nitakaa zaidi kwenye ibada yetu ya mtandaoni, kwa sababu ndiyo iliyotukutanisha: watu wa Kisumu, Nakuru, Tanga, Arusha, Mbale, na wachache walio Uingereza na Kanada, wengi wetu tukiwa hatuna sinagogi la kuendea kwa miguu siku ya Shabati. Nairobi lipo, tena la miaka mingi. Kwenye mji mdogo wa Kasuku, Kenya, wapo wenzetu, na kule Mbale wapo Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Lakini aliye Tanga, mlango wake wa sinagogi ni simu aliyoishika mkononi.

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza jambo moja: sikukuu isimkute mwanachama yeyote peke yake. Kwa sehemu kubwa tulitimiza. Hanuka, sikukuu ya taa, hatukutimiza, na nitaeleza.

Rosh Hashana, sikukuu ya mwaka mpya, iliangukia Alhamisi na Ijumaa, tarehe 3 na 4 Oktoba 2024. Swali lililotusumbua wiki tatu nzima ni shofari, yaani pembe inayopulizwa. Sala mtu anaweza kuifuata kwa mbali akaitikia ameni, lakini amri ya siku hiyo ni kuisikia sauti ya pembe. Mishna, kitabu chetu cha kale cha sheria, inasema anayepuliza ndani ya shimo au kisimani, msikilizaji akisikia sauti ya pembe yenyewe, ametimiza. Akisikia mwangwi, hajatimiza. Marabi wengi wanaiona sauti inayotoka kwenye spika kuwa ya upande wa mwangwi. Kamati haikutaka kumdanganya mtu kwamba ametimiza amri. Kwa hiyo tulinunua pembe tatu za kondoo dume, moja ikaenda Arusha, moja Kisumu, moja Nakuru, na kijana wetu wa Arusha akawafundisha wenzake kwa simu ya video mwezi mzima wa Eluli: tekia ndefu, shevarimu tatu zenye kuvunjika, terua zinazolia kwa kukatikakatika. Waliokuwa karibu na pembe hizo walizisikia kwa masikio yao. Waliokuwa mbali walisikia mwangwi wakijua kuwa ni mwangwi, na hata hivyo wengi wao walilia.

Yom Kipuri, siku ya saumu na toba, ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote. Jamii nyingi zinazorusha ibada hewani ziko Marekani, na New York wako nyuma yetu saa saba wakati huo wa mwaka. Kol Nidre yao, sala ya kuifungua siku hiyo, inapoanza, kwetu ni usiku wa manane na saumu imeshatukolea. Tukaomba kujiunga na sinagogi moja la Johannesburg, ambao tunapishana nao saa moja tu. Hatuko wa mrengo mmoja, na mnajua. Wapo wasiogusa simu siku takatifu kwa hali yoyote, na wapo wanaofuata fatwa iliyotolewa mwaka 2020 na kamati ya sheria ya Wayahudi wa mrengo wa Conservative, inayoruhusu kufuata ibada kwa mbali kwa masharti. Kati ya masharti tuliyojiwekea: chombo kiwashwe kabla ya jua kutua, kiwekwe juu ya kabati, kisiguswe tena mpaka nyota zitoke. Umeme ukikatika, umekatika. Nyumba mbili ulikatika, nao wakaendelea na vitabu vyao kwa mwanga wa mshumaa uliowashwa mapema.

Jioni ya Jumamosi tarehe 12 Oktoba, nyota zilionekana kwetu karibu saa moja. Saumu ilikuwa imekwisha kwa haki kabisa. Johannesburg bado walikuwa kwenye Neila, sala ya mwisho ya siku, milango ya mbinguni haijafungwa, na ilibaki kiasi cha dakika 45 kabla ya shofari yao. Kupitia skrini nilimwona mzee wetu wa Nakuru ameketi kitini, bilauri ya maji ameishika kwa mikono miwili. Hakunywa. Mjukuu wake alikuja akamnong'oneza, naye akatikisa kichwa. Alingoja hadi pembe ilipolia, ndipo akabariki na kunywa. Sikumwagiza mtu yeyote kungoja, na waliokunywa saa moja hawakukosea chochote. Nilichokiona pale ni mtu aliyejihesabu kuwa ndani ya lile sinagogi, akaona haya kutoka mapema.

Sukoti, sikukuu ya vibanda, ilitukuta na mvua za vuli. Mwenzetu wa Tanga alijenga kibanda uani akauliza kama makuti yanafaa. Yanafaa sana, ni mmea uliokatwa kutoka ardhini. Ila paa la makuti lililoezekwa kama la nyumba, lisilopitisha hata tone la mvua, halifai, maana hapo kibanda kimeshakuwa nyumba. Akatandaza kuti mbichi moja moja, kivuli kikawa kingi kuliko jua, na usiku nyota zikaonekana. Mvua ilimnyeshea usiku wa pili, akaingia ndani kama inavyoruhusiwa.

Hanuka ilianza jioni ya tarehe 25 Desemba, siku ile ile ya Krismasi. Wengi walikuwa safarini vijijini kwa jamaa zao Wakristo, mtandao huko ni wa kubahatisha, na kamati haikujipanga. Usiku wa tatu na wa nne hapakuwa na mtu wa kuongoza kabisa. Hilo ni kosa letu, na ninawaomba radhi. Purimu ilikwenda vizuri. Kitabu cha Esta kilisomwa chote na watoto walipiga sufuria kila lilipotajwa jina la Hamani, yule adui wa Wayahudi.

Pasaka yetu ya Kiyahudi, ambayo chachu hailiwi, mwaka huu ilikuwa ngumu kwa sababu mkesha wake uliangukia Shabati, tarehe 12 Aprili. Chachu ilichomwa Ijumaa asubuhi, ikabakizwa mikate michache ya kula asubuhi ya Shabati kabla ya mwisho wa saa ya nne. Hapa niseme jambo ambalo wenzetu wa ng'ambo hufundishwa kwa majedwali. Mishna inahesabu saa za mchana kuanzia kuchomoza kwa jua: sala ya shema mpaka saa ya tatu, chachu mpaka saa ya nne. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tunahesabu hivyo hivyo tangu utoto. Bibi aliyemwambia mjukuu wake “maliza mkate wako kabla ya saa nne” hakuhitaji jedwali. Alikosea kwa nusu saa tu, maana jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili, na kwa upande wa tahadhari. Hata siku yenyewe: mtu wa pwani akisema usiku wa Ijumaa, hasa wazee, anamaanisha usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwetu siku kuanza jioni si somo geni.

Alhamisi kabla ya hapo, wanachama sita walikutana nyumbani kwa mama mmoja wa Nakuru anayeuza chapati kila asubuhi. Jikoni kulikuwa kumeshasafishwa, kibao kipya, mti wa kusukumia mpya. Unga ukikutana na maji, matza, mkate usio na chachu, iwe imeshaiva kabla ya dakika 18, la sivyo ni chachu. Simu iliegemezwa dirishani ili wengine waone. Mama yule alikata madonge madogo, akasukuma mpaka ukaona rangi ya kibao kupitia kwenye unga, binti yake akatoboatoboa kwa uma, ikaingia kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali. Donge la kwanza lilichukua dakika nne tangu maji hadi kuiva. Nimeona picha nyingi za viwanda vya matza, lakini sijaona mikono iliyo tayari kuliko ile. Vipande vilifungwa kwenye boksi na kupakiwa kwenye mabasi ya Kisumu na Arusha.

Kuhusu ugali, swali linarudi kila mwaka, na jibu la kamati ni lile lile. Mahindi hayamo kwenye nafaka tano zinazoweza kuwa chachu. Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, waliyazuia kwa desturi pamoja na mchele na kunde. Wasefaradi, wenye asili ya Hispania, wengi hawakuzuia. Na mwaka 2015 Conservative waliruhusu hata kwa Waashkenazi. Fuateni desturi ya aliyewafundisha, na msitazamane sahani. Muhogo ni mzizi, haumo kwenye ubishi huo.

Sasa jambo lililogusa moyo wa chama. Mwezi wa Kislevi, Desemba iliyopita, mwanamke mwenzetu wa Kisumu alifiwa na mama yake. Mtoto humsomea mzazi kadishi, sala ya wafiwa, kwa miezi 11, na kadishi haisomwi bila watu kumi. Aliniuliza: sisi tukiwa kumi kwenye skrini, je, si kumi? Nilitamani kumjibu ndiyo. Lakini fatwa ya mwaka 2001, ambayo wengi wetu tunaifuata, inasema kumi hawaundwi kwa mtandao, sharti wawe mahali pamoja. Wakishatimia, aliye mbali anaweza kuitikia, na wapo wanaomruhusu kusoma kadishi, mradi mmoja kati ya wale kumi anaisoma pamoja naye. Wakati wa korona kulikuwa na ruhusa za dharura, na dharura ile imepita.

Tukatafuta jamii inayopata kumi bila taabu asubuhi ya Alhamisi, tukaipata. Tangu Januari simu huwekwa juu ya meza yao. Mwanzoni sauti ya mwenzetu ilichelewa, maneno yakagongana. Mzee mmoja wa pale akaamua yeye ndiye atakayepunguza mwendo: husema “yitgadali”, hunyamaza, husikia “yitgadali” kutoka Kisumu, ndipo anaendelea. Kadishi ya dakika moja huchukua karibu tatu. Hakuna aliyelalamika. Maneno yale karibu yote ni ya Kiaramu na hayataji kifo hata mara moja, yanalitukuza Jina tu. Na sauti ya mwanamke ikiyasema peke yake jikoni mwake, huku sufuria zimepangwa nyuma yake, mimi binafsi nimeshindwa kuizoea.

Wapo waliosema mwaka huu kwamba chama sasa kimekamilika, tuna ibada kila Shabati na hatuhitaji zaidi. Sikubaliani nao. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, mwanzilishi wa Abayudaya, na watu wake walijitangaza Wayahudi kule Mbale wakiwa na Biblia peke yake, na mwaka uliofuata alifika mtu mmoja aitwaye Yosef, akawafundisha kalenda na sikukuu. Mafunzo tunayo mengi sasa kuliko walivyokuwa nayo wao. Lakini wao walikuwa na jirani wa kusali naye. Kamati inapendekeza fedha zilizobaki, ambazo mlizichangia kwa ajili ya bando, zitumike kwa nauli.

Miezi 11 ya kadishi ya mwenzetu wa Kisumu inaisha ndani ya mwezi wa Heshvani, Oktoba hadi Novemba. Sukoti inaanza jioni ya tarehe 6 Oktoba, na Ijumaa tarehe 10 ni sikukuu ya taifa nchini Kenya, kazi hakuna. Tunapendekeza tukutane kwake Kisumu siku hiyo mchana, tulale huko Shabati, tusali ndani ya kibanda, naye asome kadishi amesimama katikati yetu. Hesabu ya kumi, kuhesabu wanawake au la, itafuata desturi ya mwenye nyumba. Jirani yake amekubali kuwalaza wanne, wengine watalala sebuleni. Njooni na shuka. Waliothibitisha mpaka jana jioni ni saba. Bado watatu.