Wapime kwanza, ndipo wapake rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu habari mliyoitoa wiki iliyopita kuhusu wenye nyumba wa barabara ya sokoni tuliotakiwa kubomoa kuta zetu. Ofisa wa halmashauri ya mji wetu alisema tumevamia hifadhi ya barabara, na mwandishi wenu akaandika hivyo hivyo bila kumtafuta hata mmoja wetu. Nimenyamaza miaka mingi, safari hii siwezi.

Kiwanja changu kina hati. Kilipimwa na mpimaji wa halmashauri hii hii na bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja, zipo mpaka leo. Ya mbele iko chini ya mwarobaini, ukifagia majani unaisoma namba yake. Uzio upo ndani ya bikoni, na fremu zangu za maduka zina kibali cha ujenzi chenye muhuri wao na stakabadhi ya ada niliyolipa. Barabara ilipotakiwa kupanuliwa, mtendaji wa mtaa akaja kuniambia kwa mdomo kwamba uzio umeingia barabarani futi sita. Nikamuuliza zimepimwa na nani, akasema ni maelekezo kutoka juu. Nikaandika barua kuomba mpimaji aje tupime pamoja. Ilipokelewa masjala, na tangu hapo mara faili liko kwa mkurugenzi, mara mkurugenzi yuko Dodoma, mara nichangie mafuta ya gari la wapimaji. Badala ya majibu nikaletewa amri ya kusitisha ujenzi, wakati hapakuwa na fundi wala tofali lolote pale.

Halafu zikaja X. Nilitoka msibani nikamkuta kijana na kopo la rangi nyekundu, ukuta ameshaumaliza, sasa yuko kwenye mlango wa fremu ya fundi cherehani, mpangaji wangu, rangi inachuruzika mpaka kwenye komeo. Chini ameandika BOMOA, SIKU 7. Nikamuuliza jina lake na nani kamtuma. “Mama, mimi nimepewa kazi tu,” akasema, akabeba kopo lake akaenda kwa jirani. Barua hakuna, kifungu cha sheria hakuna. Fundi akahama mwezi ule ule, na fremu imebaki tupu, maana nani ataweka mashine zake kwenye chumba chenye X mlangoni?

Nikaenda kwa mwanasheria, na huko ndiko nilikochoka kabisa. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2020, mwananchi anayetaka kuishtaki halmashauri lazima kwanza aipe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi aipeleke Mahakama Kuu. Mimi mwenye hati napewa siku 7 kuvunja ukuta nilioujenga kwa kiinua mgongo changu cha uuguzi, na wao wanapewa siku 90 za kufikiria watanijibu nini! Mahakama Kuu yenyewe haipo mji huu, ni nauli na malazi. Na Katiba, ibara ya 24, inasema mtu asinyang’anywe mali yake bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe haraka. Barabara siipingi, vumbi lake nalila mimi. Kama wanazitaka futi sita zangu waseme wanazitaka, waje na mthamini, walipe. Lakini mvamizi halipwi kitu, na hapo ndipo habari yenu ilipotuumiza, kwa sababu kesho itatolewa kwenye kikao kama ushahidi kwamba hata gazeti limesema tumevamia.

Na kodi ya majengo je? Tangu 2021 inakatwa kwenye umeme. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Jengo langu ni moja lakini kila fremu ina mita yake, na kila mita inakatwa. Wapangaji wananilalamikia mimi, kwa sababu wao ndio wanaonunua umeme. Nikiuliza, ofisi hii inanituma ile na ile inanirudisha hii. Kodi ya jengo wanaipokea kila mwezi, na jengo lenyewe wanasema halikutakiwa kuwepo. Wachague moja.

Ninachotaka ni hiki. Kabla ya X yoyote kuchorwa, mpimaji afike na tepu, aanzie kwenye bikoni, mwenye nyumba na mwenyekiti wa mtaa wakiwepo, na wote watatu wasaini karatasi ya vipimo. Ikichorwa, chini yake kuandikwe tarehe, kifungu cha sheria, pamoja na jina, cheo na namba ya simu ya ofisa aliyeagiza. Kopo lile lina rangi ya kutosha kwa maneno hayo. Na ikithibitika ilichorwa kimakosa, halmashauri ije ipake upya ukuta wote kwa gharama yake na iulipe mwaka mzima wa kodi ya fremu iliyokosa mpangaji.

Nimeambatanisha nakala za hati, kibali na stakabadhi. Mwandishi wenu akitaka kuziona bikoni aje asubuhi yoyote, nitamfungulia geti.

Muuguzi mstaafu, mwenye nyumba barabara ya sokoni
(Jina na anwani vimehifadhiwa)