Kodi za nyumba Tanga: tusiige namba ya Mombasa, tuweke asilimia

Ndugu mhariri, naomba nafasi niongelee kodi za nyumba maana hapa Tanga hili jambo limeshatukaba.

Juzi hapa Makorora mama mmoja anayekaanga mihogo kapigiwa simu na mwenye nyumba wake, chumba anacholipa 50,000 kuanzia mwezi ujao ni 80,000, na anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani laki nne na themanini, kama hana atoke. Mkataba wenyewe ni karatasi ya daftari imechanwa, haina shahidi. Na akitoka akaenda kutafuta kwingine, dalali naye anataka chake cha mwezi mmoja. Sasa mtu anayeuza mihogo ya mia tano mia tano laki nne na themanini anaitoa wapi jamani?

Wengi nikiongea nao wanadhani kuna sheria inakataza haya. Ilikuwepo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilikuwa na mabaraza yake, mwenye nyumba hapandishi anavyojisikia, ila ilifutwa 2005 na tangu hapo kodi ni mnavyokubaliana nyie wawili. Na mjini watu wanazidi kuja, bomba la mafuta kutoka Hoima linaishia hapa Chongoleani, wageni wenye hela wanapanga na sisi wa Ngamiani na Makorora ndo tunasukumwa pembeni.

Wenzetu wa Mombasa, ukivuka tu Horohoro, wana sheria yao ya tangu 1959 na wana baraza la kushtakia. Mtoto wa dada yangu kapanga Likoni, analipa mwezi kwa mwezi kwa simu, aliweka dipoziti ya mwezi mmoja basi. Lakini tusidanganyane kwamba ni sheria inayombeba, yale ni mazoea ya kule, kwa sababu sheria yao inagusa nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, na nyumba ya bei hiyo Mombasa ya leo kaitafute! Bei za vitu zimepanda, namba imebaki palepale kwa miaka mingi, kwa hiyo wapangaji wengi wa kule wako nje kama sisi tu.

Uganda walifanya vizuri zaidi. Sheria yao ya 2022 imeweka asilimia, mwenye nyumba asipandishe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Asilimia inatembea na bei, haipitwi na wakati.

Najua wenye nyumba watasema ukibana kodi watu wanaacha kujenga, na hiyo hoja ina ukweli wake. Marekani kuna miji miwili jirani, St. Paul na Minneapolis. Mwaka 2021 wananchi wa St. Paul walipiga kura kodi isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka na wakaziingiza mpaka nyumba mpya, vibali vya kujenga vikashuka, wakati Minneapolis hawakuweka kikomo chochote. Mwaka 2022 tu St. Paul wakarekebisha, majengo mapya yakaachwa nje kwa miaka 20. Kwa hiyo dawa ipo, anayejenga leo mwachie nafasi arudishe hela yake, ila zile nyumba za zamani za Ngamiani zilizojengwa enzi za mkonge, hizo zinarudisha hela gani tena?

Ninachowaomba wabunge wetu wa mkoa huu walipeleke Dodoma: kodi ipande kwa asilimia inayojulikana, mtu asidaiwe zaidi ya miezi mitatu mbele, na akitaka kupandisha aandike notisi mapema, sio kupiga simu. Na wakati tunasubiri, ofisi za serikali za mitaa ziweke fomu ya mkataba yenye nakala mbili, mpangaji abaki na yake.

Mpangaji,
Makorora, Tanga