Jina la Ndoa Limezua Swali Kazini Marekani? Tafuta Cheti Kabla ya Kiapo

Ujumbe wa aina moja huingia mara kwa mara kwenye simu ya ofisi yetu ya kufuatilia vyeti hapa Kisumu, aghalabu usiku, maana huko Minnesota au Texas ndiyo kwanza watu wanatoka kazini: "Nitumieni kiapo cha jina kesho asubuhi, bosi anataka." Kiapo, yaani tamko la maandishi kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, ni rahisi, na sisi tungefurahia biashara. Lakini kabla hatujamtafuta wakili wa kukigonga muhuri, huwa tunauliza: bosi amesema anataka nini hasa? Mara nyingi jibu ni kwamba hakutaja kiapo. Ameona majina mawili tofauti kwenye karatasi mbili, akauliza kulikoni.

Karatasi inayoleta swali hilo ni fomu I-9, ya kuthibitisha mfanyakazi ni nani na kwamba anaruhusiwa kufanya kazi. Tangu sheria ya uhamiaji ya 1986, kila mwajiri Marekani hutakiwa kuijaza kwa kila anayemwajiri, awe mzaliwa wa huko au mgeni kutoka Siaya. Mfanyakazi hujaza sehemu yake kufikia siku ya kwanza ya kazi, kisha ana siku 3 za kazi za kuonyesha hati zake. Hati moja ya kundi A, kama grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), inatosha peke yake. La sivyo, anatoa moja ya kundi B inayothibitisha yeye ni nani, kama leseni ya udereva ya jimbo, pamoja na moja ya kundi C inayothibitisha anaruhusiwa kufanya kazi, kama kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) isiyo na maandishi ya kumwekea mipaka ya kazi.

Anayechagua hati ni mfanyakazi. Hilo wengi hawalijui. Mwajiri haruhusiwi kusema "lete grini kadi" ilhali umempa leseni na kadi ya Social Security zilizo halali.

Sasa tuseme dada yetu aliingia Marekani kama Mercy Akinyi Odhiambo, akaolewa, akawa Mercy Akinyi Ouma. Leseni imeshabadilishwa, grini kadi bado inasoma Odhiambo. Je, hana ruhusa ya kazi? Anayo. Ukaazi wa kudumu haufutwi na harusi. Kwenye I-9 kuna nafasi ya kuandika majina mengine ya ukoo aliyowahi kutumia, na humo ndimo Odhiambo anapoingia. Mwajiri anaruhusiwa kupokea hati yenye jina la zamani akiridhika kwamba ni ya huyo aliye mbele yake. Anaweza pia kuambatisha maelezo mafupi na nakala ya cheti cha ndoa. Asiporidhika, anaweza kuomba hati nyingine, na chaguo la hati hiyo linabaki kwa mfanyakazi.

Mwajiri akikataa hati nzuri kwa sababu tu una lafudhi ya kwetu, kitengo cha haki za wahamiaji na wafanyakazi katika Wizara ya Sheria ya Marekani hupokea malalamiko bila malipo kwa nambari 1-800-255-7688. Piga ukiwa huko huko.

Kwa aliyekwisha ajiriwa kisha akaolewa, mambo ni mepesi zaidi. Mwajiri halazimiki kuirekebisha I-9 kwa sababu ya jina jipya, ingawa idara ya uhamiaji inamshauri aweke rekodi sahihi. Akitaka, anajaza nyongeza B ya fomu hiyo.

Mkwamo wa kweli uko kwa waajiri wanaotumia E-Verify, mfumo unaolinganisha I-9 na rekodi za serikali. Ukiandika Ouma na Social Security bado wanakujua kama Odhiambo, mfumo unaweza kurudisha jibu la kutolingana. Usiogope, na usiache kazi. Unapewa siku 8 za kazi za serikali kuu kuwasiliana na ofisi inayohusika, na mwajiri hana ruhusa ya kukufukuza kwa sababu hiyo wakati unashughulikia. Ndiyo maana sisi tunashauri uanze na Social Security. Kadi mpya ni bure, nambari yako inabaki ile ile, na kazi inayolipwa kwa jina jipya haitapotea kwenye rekodi.

Ila Social Security hawapokei fotokopi, hata iliyogongwa muhuri na wakili. Wanataka cheti halisi, au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyokitoa. Kiapo cha shilingi mia chache hakifui dafu hapo.

Kubadilisha grini kadi yenyewe ni fomu I-90. Ada iliyowekwa Aprili 2024 ni dola 465 kwa karatasi, au 415 mtandaoni, kwa hiyo ni haki yako kupanga bajeti kwanza. Na usichanganye stakabadhi za maombi hapa: ile inayokubalika kwa I-9 kwa siku 90 ni ya kuomba hati iliyopotea, kuibwa au kuharibika. Kubadilisha jina hakumo.

Turudi nyumbani, maana kazi yetu iko huku. Aliyefunga ndoa kanisani au mbele ya msajili ana cheti. Kikipotea, nakala iliyothibitishwa huombwa kwa Msajili wa Ndoa. Kiko kwa Kiingereza tayari, kwa hiyo usikubali mtu akulipishe tafsiri. Tabu ni ndoa za kimila. Ng'ombe walipelekwa, wazee wakala, kijiji kizima kinajua wewe ni mke wa nani, lakini karatasi hakuna. Barua ya chifu si cheti cha ndoa, hata iwe na mihuri mitatu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa ya kimila isajiliwe, na wanandoa wafike wenyewe mbele ya msajili ili wapewe cheti. Shemeji hawezi kwenda kwa niaba yako.

Kwa hiyo kama wewe uko Dallas na nauli ni mzigo, maoni yetu ni haya, ingawa yanatunyima kazi: uliza mahakama ya unakoishi kuhusu amri ya kubadilisha jina. Amri hiyo Social Security wanaikubali, na huhitaji kupanda ndege.

Na kama bado uko Kisumu unasubiri viza, amua jina sasa. Ukitaka kusafiri na jina la mume, anza na cheti, kisha kitambulisho, kisha pasipoti, halafu ndipo uende ubalozini. Kugeuza jina katikati ya ombi la viza ni kujitafutia maswali. Kama unataka kuacha au kuongeza jina kwa sababu isiyo ya ndoa, utahitaji hati rasmi ya kubadilisha jina, inayoandikwa na wakili na kusajiliwa. Hapo tunakuunganisha na wakili, sisi wenyewe hatuandiki.

Ukitaka tukufuatilie cheti, tuma picha ya pasipoti, majina kamili ya wote wawili jinsi yalivyoandikwa siku ya harusi, tarehe, na kanisa au ofisi iliyofungisha. Ada ya serikali lipa mwenyewe kwa eCitizen, stakabadhi ibaki na jina lako. Yetu ni ya kufuatilia na ya kukutumia cheti kwa kampuni ya vifurushi, na tunakutajia kabla ya kuanza. Masuala ya hadhi yako ya uhamiaji mwone wakili wa uhamiaji huko uliko.